Mtoto Si Kasuku: Maumbo Yafundishwe kwa Mikono

NDUGU wasomaji, najua wako watu ambao wakiona mtu wa Chama ameshika kalamu kuandika habari za duara na pembetatu, watacheka. Watasema, "Huyu ameishiwa na maneno. Barabara mbovu zipo, maji ni ya taabu, mazao yataka soko, naye atuletea michoro ya watoto wa darasa la kwanza!" Na wacheke. Kicheko si hoja. Mimi nasema kwamba namna tunavyowafundisha watoto wetu kutambua maumbo ni jambo la kutazamwa na kila mwananchi, kwa kuwa katika somo hilo dogo mtoto hufundishwa moja kati ya mambo mawili: ama kutazama na kufikiri, ama kuitikia tu kama kasuku. Na hilo atakalofundishwa akiwa na miaka sita atakwenda nalo mpaka mvi.

Tazameni jinsi somo hili linavyokwenda mahali pengi. Mwalimu huchora ubaoni maumbo manne: duara, pembetatu, mraba na mstatili. Pembetatu hukaa chini vizuri kama kilima, kilele juu. Mstatili hulala kama godoro. Mwalimu hunyosha fimbo, "Hii ni nini?" Darasa zima huitika, "Pembetatu!" "Na hii?" "Mraba!" Kengele hulia, watoto hutoka mbio, na katika andalio la somo huandikwa kwamba wanafunzi wameelewa. Lakini wameelewa nini? Wameelewa kwamba mchoro wa kwanza kutoka kushoto huitwa duara. Futa ubao, badili mpango wa michoro, na elimu hiyo yote imeondoka pamoja na vumbi la chaki.

Asiyesadiki na afanye jaribio lisilogharimu hata senti moja. Amchukue mtoto aliyekwisha fundishwa maumbo, amsimamishe mbele ya bendera ya Taifa, amwulize, "Mna pembetatu ngapi humo?" Bendera yetu, iliyoanza kupepea mwaka 1964 baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, imekatwa na mshazari mweusi wenye kingo za manjano, unaopanda kutoka pembe ya chini iliyo mlingotini mpaka pembe ya juu iliyo upande wa pili. Juu ya mshazari huo ipo pembetatu ya kijani, na chini yake ipo pembetatu ya buluu. Ni mbili, tena kubwa. Lakini usishangae mtoto akikujibu kwamba hakuna hata moja. Ile ya kijani imekaa kichwa chini, na ile ya buluu kilele chake kimekwenda pembeni kabisa. Hazifanani na kilima cha ubaoni. Mtoto huyu hupita mbele ya bendera kila siku ya shule, macho anayo, wala hana upungufu wa akili. Aliloonyeshwa ni picha moja, naye ameshika picha moja.

Jambo hili si la nchi yetu peke yake, wala silisemi ili kuwalaumu waalimu wetu, ambao wengi wao wabeba mzigo mkubwa kwa mshahara mdogo. Mwaka 1957 waalimu wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, walikamilisha maandishi yao ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Utrecht juu ya shida hii hii. Walieleza kwamba akili ya mtu katika jiometri hupanda kama mtu apandavyo ngazi. Kwenye kipandio cha kwanza, mtoto hulijua umbo kwa sura yake nzima, kama amjuavyo mjomba wake: hii ni pembetatu kwa kuwa yafanana na sambusa. Kwenye kipandio cha pili, huanza kuona tabia za umbo: hii ni pembetatu kwa kuwa ina pande tatu, zote zimenyoka, na zote zimefungana. Kwenye cha tatu, huona jinsi maumbo yanavyohusiana, akafahamu kwamba kila mraba ni mstatili, lakini si kila mstatili ni mraba. Viko na vipandio vingine juu yake, lakini hivi vitatu vyatutosha leo.

Maneno yao makubwa ni haya: mtoto hapandi ngazi hiyo kwa kuongezeka umri tu. Hupanda kwa kazi anayopewa kufanya. Na mwalimu aliye juu ya ngazi anaweza kusema neno "mraba", na mtoto aliye chini akasema neno hilo hilo, wala wasielewane, kama watu wawili wanaosalimiana kutoka ng'ambo mbili za mto wenye kelele.

KAZI YA MIKONO

Basi tufanyeje? Kwanza, kitu kitangulie jina. Mtoto apewe chungwa, kopo tupu, boksi la kibiriti na kipande cha tofali. Avibingirishe, avisukume, avipange kimoja juu ya kingine. Ataona mwenyewe kwamba chungwa labingirika kila upande, kopo labingirika likilazwa lakini likisimamishwa hukaa, na kibiriti hakibingiriki kabisa. Kisha avikandamize mchangani atazame alama. Kitako cha kopo huacha duara. Ubavu wa kibiriti huacha mstatili. Hapo mtoto amejua kwamba umbo la bapa ni uso wa kitu, wala si kiumbe kilichozaliwa ubaoni. Friedrich Fröbel, yule Mjerumani aliyefungua shule ya watoto wadogo mwaka 1837, aliwapa watoto tufe, mche mraba na mcheduara vya mti wavichezee. Sisi hatuhitaji kuagiza vya mti kutoka ng'ambo. Machungwa na makopo tunayo.

Pili, mtoto aonyeshwe pembetatu za kila namna. Mwalimu akate maboksi ya karatasi ngumu: pembetatu ndefu kama mkuki, fupi, pana, nyembamba, kubwa na ndogo. Azichanganye na vitu vya kudanganya: kimoja chenye ubavu uliopinda kama upinde, kingine chenye pembe iliyokatwa. Azimwage sakafuni bila mpango, kisha awaambie watoto wachague pembetatu. Na kila mtoto anapochagua, aulizwe neno moja tu: "Umejuaje?"

Ndugu zangu, neno hilo "Umejuaje?" ndilo somo lenyewe. Mtoto atakayejibu, "Kwa sababu Mwalimu amesema," bado hajajua kitu. Mtoto atakayesema, "Nimehesabu pande, ni tatu, zimenyoka, na hapana mwanya," huyo amejua, wala hakuna mtu atakayeweza kumdanganya tena juu ya jambo hilo, hata awe mkubwa namna gani. Waache wabishane. Darasa lenye ubishi wa hoja si darasa la fujo.

Tatu, watoto waunde. Wachukue matete au mabua ya mtama, wafunge matatu kwa uzi, kisha wafunge manne. Wayasukume kwa kidole. Yale manne yatalala upande. Mraba utainama uwe umbo lililolala, ijapokuwa pande zake ni zile zile. Yale matatu hayatikisiki. Sasa wapelekwe nje watazame kenchi za paa la shule yao, waone kwa nini fundi alizijaza pembetatu. Mtoto aliyesukuma mabua yake mwenyewe ataelewa kwa nini paa haliangukii kichwani pake, na ataelewa pia kwamba pande nne sawa hazitoshi kufanya mraba mpaka pembe nazo ziwe mraba. Maneno haya mwalimu angeweza kuyasema siku tatu yasiingie. Mabua yameyasema kwa dakika tatu.

Kwa duara, kigingi na kamba vyatosha. Mtoto mmoja ashike kamba kwenye kigingi, mwingine aikaze na kuzunguka huku akichora mchangani kwa kijiti. Ataona kwamba duara ni umbo ambalo kila mahali pa ukingo wake pako mbali sawasawa na katikati.

Wala tusiyadharau majina yetu. Tangu mwaka 1967, baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za Serikali, na katika somo hili faida yake ni kubwa. "Pembetatu" ni neno linalojieleza lenyewe: anayejua pembe na anayejua kuhesabu mpaka tatu amekwisha pata maana yake. "Mraba" latoka katika shina lile lile la Kiarabu lililotupa "robo" na "arobaini", nalo lina habari za nne ndani yake. Na lile umbo lenye kitako cha duara na ncha moja tumeliita "pia", kwa jina la mchezo wa watoto wenyewe, ile pia wanayoizungusha uwanjani. Mwalimu afungue maneno haya mbele ya watoto kama mtu afunguavyo kifurushi. Jina lililofunguliwa halisahauliki upesi.

MALI ILIYO KIJIJINI

Sasa nageukia ugonjwa mwingine, nao ni kasumba. Wengi wetu tumeaminishwa kwamba hesabu za maumbo zilikuja na meli, pamoja na rula na bikari, na kwamba wazee wetu hawakujua lolote. Hayo si kweli.

Tazama bao la kete. Lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32. Mashimo ni ya duara, lakini shimo liitwalo nyumba huchongwa mraba ili lijulikane. Mtoto aliyekaa karibu na babu yake wakati wa bao amekwisha tofautisha duara na mraba kabla hajavaa sare ya shule. Tazama ungo, tazama kawa ya kufunikia chakula, tazama ngoma. Mtazame mama anayesuka ukindu: chane zake hupishana kwa hesabu, ukili hutoka na upana mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho, na kili zikishonwa pamoja mkeka hukaa sawa. Kama hiyo si jiometri, ni nini?

Katika Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14, lipo birika lenye pembe nane. Mtu hajengi birika la pembe nane kwa bahati. Mafundi wa pwani hii walipima, wakagawanya, wakanyosha mistari, wakakata mawe.

Na jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma watupa mfano bora zaidi. Mtaalamu wa hesabu Paulus Gerdes, aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1952 akafanya kazi Msumbiji kwa miaka mingi, na kupata kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Ualimu huko, aliandika jinsi wakulima wa Msumbiji wanavyoweka msingi wa nyumba. Huchukua kamba mbili zenye urefu mmoja, wakazifunga pamoja katikati kabisa. Hulaza chini fimbo yenye upana wa nyumba wanayoitaka, wakapigilia kigingi penye kila ncha yake. Ncha moja ya kila kamba hufungwa kwenye kigingi chake, kisha kamba huvutwa mpaka zikakaza, na pale zinapoishia hupigiliwa vigingi viwili vingine. Vigingi hivyo vinne hufanya mstatili wenye pembe mraba nne, bila rula wala kipimapembe! Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu mistari miwili ya mshazari ikilingana urefu na ikakatana katikati, umbo haliwezi kuwa kitu kingine ila mstatili. Hiyo ni kanuni kamili ya jiometri, nayo imekaa mikononi mwa watu ambao pengine hawakupata kuona mlango wa shule.

Basi ni aibu iliyoje mtoto wa fundi kama huyo kukaa darasani akitaja mstatili kwa kukariri, na baba yake yuko nje ajenga mistatili ya kweli, wala shule haimwiti aje aonyeshe! Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitutaka tuunganishe shule na maisha ya kijiji, tena tuwape vijana akili ya kuuliza. Hapa ndipo pa kuanzia.

SHAMBA NA KAMBA

Mtu ataniuliza, "Je, mtoto asipojua haya, nchi yapata hasara gani?" Nitamjibu kwa habari ya ardhi, kwa kuwa hapana mtu kijijini asiyeijua thamani ya ardhi.

Tuseme ndugu wawili wagawiwa mashamba. Wazee wazunguka kila shamba kwa miguu, wahesabu hatua 40 kulizunguka hili, na hatua 40 kulizunguka lile. Wote wasema, "Sawa sawa!" Lakini shamba la kwanza ni mraba wa hatua 10 kwa 10, yaani hatua za mraba 100. La pili ni mstatili wa hatua 15 kwa 5, yaani hatua za mraba 75. Mmoja amepunjwa robo nzima, na mzunguko ni ule ule. Kama shamba lingekuwa jembamba la hatua 18 kwa 2, angepata hatua za mraba 36 tu. Na kama kamba hiyo ya hatua 40 ingezungushwa duara, ingefunga zaidi ya hatua za mraba 127. Mzunguko mmoja, mashamba manne, na riziki nne mbalimbali.

Mtoto wa darasa la tatu aweza kuliona jambo hili kwa vijiti 12 vya kibiriti na sakafu. Apange mraba wa vijiti 3 kwa 3: ndani mna visanduku 9. Apange 4 kwa 2: visanduku 8. Apange 5 kwa 1: visanduku 5. Vijiti havikupungua hata kimoja! Mtoto aliyeona hayo kwa macho yake, akishakuwa mkubwa hatatia kidole chake kwenye wino kabla ya kupima. Lakini yule aliyefundishwa kuitikia, ataitikia pia mbele ya mjanja mwenye karatasi. Hiyo ndiyo hasara, ndugu zangu, na hupatikana kila mahali ambapo mtu hutaja jina la kitu asichokielewa.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza, kwamba madarasa yamejaa. Ni kweli. Tangu michango ya lazima ilipoondolewa mwaka 2016, watoto wengi waliandikishwa, na mwalimu mmoja aweza kuwa mbele ya watoto mia. Lakini watoto mia hawawezi wote kuuona ubao vizuri, na wote waweza kushika mabua. Kadiri darasa lilivyo kubwa ndivyo vikundi vya watoto kumi kumi vinavyohitajika, kila kikundi na rundo lake la maumbo. La pili, kwamba vifaa hakuna. Nimekwisha taja machungwa, makopo, mabua, uzi na vijiti vya kibiriti. Sijataja kitu kimoja cha dukani kinachohitaji kibali. La tatu, kwamba mtaala ulioanza mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili ulikaza kusoma, kuandika na kuhesabu. Vema sana. Lakini ni nani aliyesema kwamba kuhesabu ni namba peke yake? Mtoto ahesabuye pande na pembe ahesabu, tena ahesabu kitu anachokiona.

La nne ni la mtihani: ati mtihani hauulizi "Umejuaje?" Huu ndio ukuta mgumu, na sitaki kuupaka chokaa. Lakini mtoto aliyeelewa hushinda hata mtihani wa kukariri, na aliyekariri hushindwa mara tu swali likigeuzwa kichwa chini kama ile pembetatu ya kijani.

Sasa nawageukia wanachama, kwa kuwa mimi ni mtu wa kupanga kazi, na maneno yasiyo na kazi hayajengi nyumba. Kila tawi lililo karibu na shule lifanye mambo matatu. Kwanza, likutane siku moja ya Jumamosi, wanachama walete maboksi matupu, mkasi na visu, wakate rundo la maumbo kwa kila darasa la chini, wakiongozwa na waalimu wenyewe. Pili, lizungumze na mwalimu mkuu kwa adabu, ili fundi seremala, fundi mwashi na mama msusi waalikwe kila mmoja kipindi kimoja, waonyeshe kazi zao mbele ya watoto. Tatu, kila mzazi ambaye mtoto wake arudi nyumbani akisema amejifunza pembetatu, amwambie, "Nitafutie tatu hapa nyumbani, kisha niambie umejuaje." Kazi hizi tatu hazitaki mfuko wa fedha wala amri kutoka makao makuu. Zataka mikono na nia.

Udongo uwahi ungali maji. Mtoto wa miaka sita hawezi kungoja mpaka tumalize mikutano yetu; mwaka ujao atakuwa na saba, na mazoea ya kuitikia yatakuwa yameanza kukauka ndani yake. Tumpe kitu mkononi leo, tumwulize swali, kisha tunyamaze tumsikilize.